Bibi mkali wa Kiyahudi: kumkumbuka kwa kalenda, kwa jiwe na kwa sufuria

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Bibi aliyeishika familia nzima mkononi akifariki, mnamkumbuka vipi bila kumgeuza malaika?" Najibu kwa upande wa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, ambao leo wako New York, London, Johannesburg, na wachache Nairobi, wenye sinagogi lao tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao kila hatua ya kumkumbuka marehemu ina siku yake na kanuni yake. Bibi wa aina mnayoiuliza alizijua kanuni hizo na aliwasimamia wengine wazifuate, kwa hiyo heshima ya kwanza kwake ni kutokosea hesabu.

Hotuba ya mazishini nayo ina mpaka. Sheria ya Kiyahudi inaruhusu kumsifu marehemu na kuongeza kidogo tu juu ya alichokuwa nacho. Kumbunia sifa ambazo hakuwa nazo inakataza. Kama alikuwa akiwafukuza wageni jikoni, msiseme alikuwa mpole kwa kila mtu. Semeni alihesabu chenji mara mbili, semeni alimnunia shemeji yake miaka mingi na sababu ilikuwa nini, kama wahusika hawataumia. Wengi hukimbilia Mithali 31:10-31, aya 22 zinazofuata herufi 22 za Kiebrania, zinazoimbwa mezani kila Ijumaa jioni. Ni chaguo zuri, ila huzisoma kwa sauti ya kubembeleza utadhani zinamsifia mtu asiyefungua mdomo. Mwanamke wa aya hizo analipima shamba kisha analinunua (aya ya 16), na anawauzia wafanyabiashara mishipi (aya ya 24). Huyo angebishana na fundi bei.

Baada ya maziko huja shiva, siku 7 za kukaa nyumbani. Mwenye kujua matanga ya kwetu hatapotea: jirani ndio wanaoleta chakula, na mlo wa kwanza baada ya makaburini haupaswi kutoka kwenye jiko la wafiwa. Huwa ni mkate, mayai ya kuchemsha, dengu, vitu vya mviringo. Wafiwa hukaa kwenye viti vifupi, vioo hufunikwa, na mgeni hanyanyui neno mpaka mfiwa aanze. Kosa la kila siku ni hesabu. Shiva huanza siku ya kuzika, hata kama alifariki siku tatu kabla, na siku hiyo yenyewe ndiyo ya kwanza. Akizikwa Jumatatu, ya saba ni Jumapili, na shiva inakwisha Jumapili asubuhi baada ya sala, haisubiri jioni. Jumamosi, yaani Sabato, inahesabiwa, ila maombolezo ya hadharani husimama. Sikukuu kubwa kama Pasaka ikiingia katikati, inaikata shiva hapo hapo, na siku zilizobaki hazilipwi.

Kadishi ndiyo hugombanisha familia. Ni sala ya Kiaramu isiyotaja kifo hata mara moja. Yote ni kumtukuza Mungu. Huhitaji minyani, watu wazima 10, na kwa Wayahudi wa Orthodoksi, wale wanaoshika sheria kwa ukali, hao 10 ni wanaume. Watoto, na kwa desturi ya zamani wa kiume tu, humsomea mzazi kwa miezi 11. Mapokeo yanasema hukumu ya waovu huchukua miezi 12, kwa hiyo ukisoma mwaka mzima ni kama umemtangaza mama yako kuwa mmoja wao. Wajukuu hawalazimiki. Mjukuu anaweza kujitolea pasipo na mtu mwingine, lakini kama wazazi wake wako hai aombe ruhusa yao kwanza, kwa sababu wengi huona ni mkosi kwa mtoto mwenye wazazi kusimama na waombolezaji.

Na kama marehemu ameacha mabinti watupu? Zamani familia ilitafuta mwanamume wa kuisoma kwa niaba yao, na zipo zinazofanya hivyo mpaka leo. Henrietta Szold, mzaliwa wa Baltimore aliyeanzisha shirika la wanawake la Hadassah mwaka 1912, alifiwa na mama yake, Sophie, mwaka 1916. Rafiki wa familia, Haym Peretz, akajitolea kusoma kadishi. Henrietta alimjibu kwa barua ya shukrani na ya kukataa. Alimweleza kwamba mama yake alizaa mabinti 8 bila mtoto wa kiume, na yeye Henrietta hakuwahi kusikia kwake neno la majuto. Tena baba yao, Rabi Benjamin Szold, alipofariki mwaka 1902, mama huyo huyo ndiye aliyekataa watu wengine wachukue nafasi ya mabinti zake. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu bora kwa swali lenu. Mama aliweka msimamo, na binti akamkumbuka kwa kuushika ule ule, akaisoma mwenyewe. Ushauri wa vitendo: ulizeni desturi ya sinagogi lenu siku ya kwanza, msisubiri mpaka watu wamesimama kusali.

Sasa kumbukumbu ya kila mwaka, yortsaiti. Hii hufuata siku ya kufa, si ya kuzikwa, na hufuata kalenda ya Kiebrania. Wasomaji wa pwani wana faida hapa, kwa sababu siku ya Kiebrania nayo huanza magharibi: aliyefariki Jumanne saa 2 usiku amefariki usiku wa Jumatano, basi. Cheti cha kifo mara nyingi huandika tarehe bila saa, kwa hiyo iandikeni saa mapema, pamoja na mji, maana jua linalohesabiwa ni la pale alipofia. Akifariki katika ule muda wa baina ya jua kuzama na nyota kutoka, mwulizeni rabi. Tarehe ya kawaida itahamahama: tarehe 15 ya mwezi wa Nisani iliangukia 23 Aprili 2024, kisha 13 Aprili 2025, kisha 2 Aprili 2026. Mwezi wa kuwa nao macho ni Adari. Katika kila miaka 19, miaka 7 ina Adari mbili, kwa mfano mwaka wa Kiebrania 5787 unaoanza Septemba 2026. Aliyefariki katika Adari ya mwaka wa kawaida, Waashkenazi wengi humkumbuka katika Adari ya kwanza, wengine katika zote mbili. Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, hufuata ya pili. Kubalianeni mara moja na muandike, la sivyo binamu wa London atawasha mshumaa mwezi mzima kabla ya binamu wa Nairobi.

Mshumaa wenyewe huja ndani ya glasi na huwaka kama saa 24. Huwashwa jua linapozama, siku inapoingia. Ikiangukia Ijumaa jioni, uwasheni kabla ya mishumaa ya Sabato, kwa kuwa Sabato ikishaingia hakuna kuwasha moto. Mkisahau, washeni mtakapokumbuka. Wekeni juu ya sahani ya chuma, mbali na pazia: nta ikikaribia kwisha, moto hukaa kwenye kitako, na glasi nyembamba hupasuka hapo.

Jiwe la kaburi nje ya Israeli huwekwa mara nyingi karibu na mwaka, Israeli karibu na siku ya 30. Jina huandikwa "fulani binti wa fulani", jina la baba likiwa la Kiebrania. Chini kabisa huja herufi tano, Tav, Nun, Tsadi, Bet na He, zenye kuombea nafsi yake ifungwe katika furushi la uhai. Maneno hayo ni ya 1 Samweli 25:29, na msemaji ni Abigaili, aliyemzuia Daudi asiende kumwaga damu, bila kumwomba mumewe ruhusa. Kwa bibi wenu yanakaa vizuri. Hatari iko kwa fundi asiyejua Kiebrania. Dalet na Resh zinafanana, He na Het zinafanana, na programu ya kompyuta isiyosoma kutoka kulia huigeuza sentensi nzima kinyumenyume. Mpelekeeni maandishi yakiwa picha, kisha mtu anayesoma Kiebrania akague mchoro kabla patasi haijagusa jiwe. Wageni huacha kokoto juu ya kaburi. Maua si desturi.

Mapishi yake yachukueni akiwa hai, maana "weka mpaka ionekane sawa" haina tafsiri. Pimeni mfuko wa unga kwenye mizani kabla hajaanza na akimaliza. Chumvi anayookota kwa vidole mwombeni aidondoshe kwanza kwenye kibakuli kilicho juu ya mizani. Akisema "glasi moja", jazeni glasi hiyo hiyo maji na mpime. Familia nyingi zilitunza glasi za mishumaa ya yortsaiti na kuzifanya vipimo vya jikoni, na ujazo wake si ule wa kikombe cha kununua.

Mfano ni madonge ya matza, yaani mkate wa Pasaka usiotiwa chachu uliosagwa, ya kutia kwenye supu ya kuku: mayai 4, vijiko 4 vya mezani vya mafuta ya kuku, vijiko 4 vya supu, kijiko cha chai cha chumvi, na kikombe kimoja cha mililita 240 cha unga wa matza. Siagi haiingii, kwa sababu supu ni ya nyama, na sheria haichanganyi nyama na maziwa. Koroga, weka kwenye friji saa 1 unga unywe maji, lowesha mikono, viringa vidonge vidogo kuliko ndimu maana vitavimba karibu maradufu. Chemsha kwenye maji ya chumvi, kifuniko kimefungwa, dakika 40. Ukifunua mapema mvuke unapotea na katikati hubaki kigumu. Yakiwa magumu yote, unga ulizidi au haukupumzishwa. Yakivunjika, unga ulipungua.

Samaki wa kusagwa ni kesi nyingine. Bibi wa asili ya Galicia, eneo lililo leo Poland na Ukraine, hutia sukari, wa Lithuania hutia pilipili manga, na kila mmoja humwona mwenzake hajui kupika. Msitafute suluhu ya nusu kwa nusu. Pikeni kama alivyopika yeye, na mkwe asiyependa ale supu.

Jina lake litagombewa pia. Waashkenazi humpa mtoto jina la aliyekwisha kufa, hawampi la aliye hai. Wasefaradi wengi humpa la bibi aliye hai na bibi hufurahi. Wajukuu wawili wakipata mabinti mwaka mmoja, wote wawili wanaruhusiwa kulitumia.