Serikali Ikitangaza Mkopo wa Ghafla, Usikimbilie Kuuza

Msomaji mmoja kaniuliza: serikali imetangaza ghafla kwamba itakopa zaidi, hatifungani alizonunua (hati za kuikopesha serikali) zimeshuka bei, je, auze? Ndugu yangu, kabla ya kugusa chochote soma tangazo lenyewe, si vichwa vya habari.

Ijumaa ya Septemba 23, 2022 nilikuwa kazini, nanunua na kuuza hatifungani za serikali ya Uingereza. Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, akatangaza punguzo la kodi la takribani pauni bilioni 45. Siku hiyohiyo ikatoka taarifa kwamba mauzo ya hatifungani ya mwaka ule wa fedha yataongezwa kwa pauni bilioni 62.4. Bei zikaporomoka, yaani mavuno, asilimia anayopata mnunuzi kwa bei ya siku hiyo, yakapaa. Madalali wakapanua pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukiulizia mzigo mkubwa unaambiwa subiri kidogo, kisha kimya.

Wenzangu walibishana kuhusu sera. Mimi nikauliza: nani analazimika kuuza? Wiki iliyofuata ikajulikana. Mifuko ya pensheni ilikuwa inadaiwa fedha zaidi za dhamana kwenye mikataba yake kwa sababu bei zimeanguka, ikawa inatupa hatifungani za muda mrefu kwa bei yoyote ili ipate taslimu. Nikashauri tusiuze zetu za miaka 30, nikaitwa mkaidi. Septemba 28, mavuno yake yakiwa yamevuka asilimia 5, Benki Kuu ya Uingereza ikatangaza kwamba itanunua hatifungani za muda mrefu, mavuno yakashuka karibu pointi nzima ya asilimia siku hiyohiyo, yaani bei zikapanda. Sifa alipewa bosi. Sawa tu, ingawa barua pepe ninazo mpaka leo.

Basi jifunzeni kuuliza. Deni jipya ni la muda gani? Likiwa la miezi michache, hatifungani za miaka 30 huenda zisiguswe sana. Mnada wa kuuza hatifungani mpya ni lini? Wafanyabiashara wengi huuza mapema ili wanunue mnadani kwa bei nafuu, kwa hiyo si kila anguko ni hofu. Tena mshtuko huja na upande wa pili: Oktoba 31, 2001 Hazina ya Marekani ilitangaza kuacha kutoa hatifungani ya miaka 30, na bei ikaruka palepale. Vijana mnauza kwa sababu mitandaoni kila mtu anapiga kelele. Acheni uvivu, someni!

Wewe uliyeniandikia hukusema hatifungani yako inaiva lini, yaani unarudishiwa fedha zako lini, wala kama fedha hizo utazihitaji kabla ya hapo. Nijibu hayo mawili kwanza.