Sungura Hana Kiburi: Kwa Mlioanza Zamu Mwezi Huu

Jumamosi nimekuta hori la sungura wa kizimba cha 6 limejaa nyasi hadi juu, na bakuli la peleti, vile vidonge vikavu vya chakula cha kutengenezwa, nalo limejaa hadi juu. Kwenye daftari la zamu, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Hapendi nyasi kavu. Ameongezewa peleti." Zamu iliyofuata: "Bado hapendi. Ameongezewa." Ya tatu imeandika "kama jana" na kuweka sahihi.

Wadogo zangu, nawapenda. Kuamka alfajiri kwenda kusafisha mikojo ya sungura ambao si wako ni jambo ambalo wengi huahidi na wachache hufanya. Lakini hili la nyasi nimelisema kwa mdomo kwa kila kundi linalokuja, na kila kundi hulirudia kana kwamba limerithishwa. Sasa naliandika.

1. Peleti hupimwa kwa mizani. Sungura mzima hapewi zaidi ya gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake, na hizo ni za siku nzima. Hazianzi upya kila zamu inapobadilika. Mtoto aliyeshiba biskuti hataulizia chakula cha mchana, na sungura aliyeshiba peleti hataliangalia hori. Wanaokua, wenye mimba na wanaonyonyesha wana karatasi yao ukutani. Alfalfa, majani makavu ya jamii ya kunde, ni ya hao, maana ina protini na kalisi nyingi mno kwa mzima aliyetulia. Ukiona mzima anakojoa mkojo mzito kama chokaa, uliza kwanza nani anampa alfalfa.

Sungura anayepewa peleti nyingi hupunguziwa kidogo kidogo, kwa wiki mbili hadi nne, huku akipimwa uzito. Kwa nini nasisitiza kidogo kidogo, mtaona kwenye namba 3.

2. Hori likae jirani na trei ya choo. Sungura hula huku akijisaidia, ndivyo alivyoumbwa, na ukiviweka mbali unamchosha bure. Nyasi ziwekwe alfajiri na jioni, saa ambazo wana hamu, na zikung'utwe kidogo ili harufu itoke. Zilizoloa mkojo zitupwe. Hori kubaki na mabua hakumaanishi hajala: huchagua majani laini kwanza, mabua magumu huyaacha, kama mtu anayechagua nyama kwenye sinia. Ongezeni nyasi mpya kabla hajafikia kukata tamaa.

Na msipigane naye kuhusu mahali. Tulikuwa na dume mmoja, mkubwa, masikio yameanguka, ambaye kila asubuhi alizitoa nyasi zote horini, akazibeba mdomoni hadi kwenye boksi lake, akazikalia, kisha akala zile zilizo chini yake mwenyewe. Dada mmoja wa zamu ya asubuhi alikuwa akizirudisha horini ili kizimba kipendeze. Wiki nzima walishindana, yeye anarudisha, dume anabeba. Siku ya saba dada akaweka nyasi moja kwa moja ndani ya boksi, na yule bwana akala rundo kubwa kuliko mwili wake. Rundo la ukubwa wa mwili wake kwa siku ndicho kipimo chetu, kwa hiyo siku hiyo alifaulu kwa alama za juu.

3. Akikataa nyasi, angalia mdomo kabla hujagusa bakuli.

Hapa naomba mnivumilie, ni parefu.

Kabla sijaanza kuja hapa nilikuwa na jike mweupe nyumbani, anaitwa Pamba. Nilimchukua akiwa na miaka mitatu. Kwa mlezi wake wa kwanza alikula peleti tupu, bakuli halikauki. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kwamba nyasi ndizo ziwe asilimia 80 na zaidi ya mlo, nikaamua nitamnyoosha. Alhamisi jioni nikaondoa bakuli. Sikupunguza, niliondoa lote. Nikajaza hori timothi, aina ya nyasi kavu, mpya, ya kijani, yenye harufu tamu, nikajiambia njaa itamfundisha.

Ijumaa asubuhi alikuja horini mbio. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: alikuja. Akavuta bua, akatafuna mara mbili, akatikisa kichwa, likadondoka. Akavuta jingine, likadondoka. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai mkononi namtazama, nikamwambia, "Deka tu, mama, bakuli halirudi." Chini ya hori palikuwa na mabua yaliyolowa mate, kila moja limepondwa ncha. Niliyaokota nikayatupa. Manyoya ya chini ya kidevu yalikuwa yameshikana. Nikadhani ni maji ya kunywa.

Mchana kinyesi chake kilikuwa vidonge vidogo kama punje za pilipili manga, vingine vimeungana kwa manyoya kama ushanga uliotungwa. Usiku, tangu saa kumi alasiri, vilikuwa vinne. Nilivihesabu. Sungura mwenye afya hutoa zaidi ya mia kwa siku, nilikuwa nalijua hilo, nikavihesabu vinne na nikaenda kulala.

Jumamosi asubuhi trei ilikuwa tupu. Pamba alijikunyata pembeni, macho nusu wazi, anasaga meno. Mnaujua ule mtetemo laini wa meno anapopapaswa akafurahi. Huu haukuwa huo. Huu ulisikika hadi mlangoni. Nikamletea peleti kwa mikono miwili, zile zile alizokuwa akizipigania hadi kupindua bakuli, na hakuzinusa.

Daktari wa wanyama alimwingizia mdomoni kifaa chenye taa, kisha akaniita nichungulie. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa limeota ncha kuelekea ulimini, na ulimi una kidonda kirefu, ukingo wake umeshakuwa mweupe. Peleti alikuwa anazimudu kwa sababu huzipondaponda juu-chini. Bua la nyasi linataka taya iende kushoto na kulia, na huko pembeni ndiko ilikokuwa ile ncha. Kila bua alilolivuta siku ile nikiwa na chai yangu lilimkata. Alikuwa na njaa, alikuwa anajaribu, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya chakula pekee alichoweza kutafuna.

Meno ya sungura yako 28 na hayaachi kukua. Ya mbele huota takribani milimita 2 kwa wiki. Kinachoyasaga magego sawasawa ni ule mwendo wa pembeni wa kutafuna nyasi, saa nyingi kila siku. Miaka ya peleti tupu ndiyo iliyoiotesha ncha ile. Na utumbo wake unaendeshwa na nyuzi za nyasi. Chakula kikikatika, utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, maumivu yanamfanya azidi kukataa kula, na kwa kuwa hana uwezo wa kutapika hakuna pa kutokea. Akiwa mnene kama Pamba alivyokuwa, mafuta ya mwilini hukimbilia ini na kuliharibu.

Alipewa dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi. Nikafundishwa kumlisha uji wa nyasi zilizosagwa kwa bomba lisilo na sindano, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, kila baada ya saa tatu au nne, mchana na usiku. Jumatatu saa tisa usiku alitoa kidonge kimoja. Kidogo, kikavu, kimejikunja. Nilikiweka kiganjani nikalia. Alipopata nguvu akalazwa kwa dawa ya usingizi, ncha ikasagwa.

Aliishi miaka mingine minne. Mizizi ya magego ilikuwa imeshapinda, kwa hiyo kila baada ya wiki sita au nane tulirudi kusagwa tena, na kila safari ni dawa ya usingizi, na kila safari nilikaa nje ya mlango ule nikisikiliza. Nyasi alizila mwishowe, laini tu, nikimchagulia kwa mkono.

Kwa hiyo: kidevu chenye mate, mabua yaliyopondwa na kutemwa, anayependa laini tu ghafla, uzito unaoshuka, vidonge vidogo. Lolote kati ya hayo ni la daktari. Msimfungue mdomo mkaangalia meno ya mbele mkasema "mazuri". Magego yako nyuma, hamyaoni. Na saa 12 bila kula au bila kinyesi ni dharura, hata iwe usiku wa manane. Nipigieni simu. Sijawahi kumkasirikia mtu aliyeniamsha kwa ajili ya hilo.

4. Majani mapya. Mtoto wa sungura hujifunza chakula kwa mama yake: ladha inapita kwenye maziwa, na hata vidonge vya kinyesi ambavyo mama huviacha kiotani watoto huvitafuna. Aliyelelewa bila nyasi wala majani anaona giligilani kama wewe unavyoona jani la mti usioujua. Usimsukumie puani. Mbele kabisa ya pua hapaoni. Anatambua kwa harufu, masharubu na midomo. Weka kando yake, ondoka. Siku ya kwanza atalinusa. Ya pili atalitupa mbali. Ya tatu utakuta kipande kimeng'atwa, na hapo msishangilie kwa sauti, mtamkimbiza.

Jani moja jipya kwa wakati mmoja, kipande cha kidole, kisha mngoje siku nzima mkiangalia choo kabla ya kuongeza. Vile vinyesi laini vinavyong'aa, vya kushikana kama zabibu, anatakiwa avile mwenyewe moja kwa moja. Mkivikuta vimetapakaa, chakula ni kitamu mno au kingi mno. Giligilani, nanaa, mrehani na majani ya karoti ni mwanzo mzuri. Mpya ichanganywe na anayoijua: nanaa ikifichwa katikati ya nyasi kavu, atachimba, na akichimba atakula na nyasi. Nyasi mpya za aina nyingine nazo zichanganywe na za zamani, zisibadilishwe kwa siku moja.

Marufuku: majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo, vitunguu vya aina zote, lantana, chochote kilichopuliziwa dawa, kilichoota kando ya barabara au mahali mbwa wanapojisaidia. Na nyasi mbichi zilizokatwa kwa mashine ya bustani zisiletwe, hata mtu akizileta kwa upendo. Huanza kuchacha zikiwa bado kwenye mfuko. Tia mkono ndani usikie joto lake.

5. Nyasi kavu zihifadhiwe kwenye boksi au gunia linalopumua, pasipo jua. Zikitoa vumbi la kijivu au harufu ya unyevu, zitupwe, hata kama ndizo za mwisho.

6. Daftari. "Hapendi" si taarifa. Andika ulichokiona: amekuja horini au hakuja, amevuta au hakuvuta, ametafuna vipi, kimedondoka nini, vidonge vya ukubwa gani.

Kuhusu kizimba cha 6: asubuhi ya leo amekula peleti zote. Ameenda horini mara tatu nikiwa nimekaa naye. Chini ya hori nimeokota mabua saba, matano makavu, mawili yana mate. Kidevu kikavu. Kinyesi kipo, ukubwa wa wastani. Daktari anamwona Jumatatu saa tatu asubuhi, na hadi atakapoangaliwa magego, peleti zake zisipunguzwe hata chembe. Anayeingia jioni akae naye dakika 10 upande wa kushoto, ndiko anakotafunia, na aandike.