Jibu: Walifundishwa, mbona bado wanakosea?

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wa kiwanda chenu cha minofu ya samaki hapo Mwanza wanakosea ilhali walifundishwa walipoajiriwa. Angalia kwanza mafunzo hayo ni ya lini. Mkibadilisha mashine au dawa ya kusafishia meza, somo la zamani halifai tena. Mtu anapima klorini kwa kifuniko kilekile alichozoea, kumbe ya sasa ni kali maradufu. Huyo si mzembe, hajaambiwa! Mfundishe palepale mezani, kisha apime mwenyewe ukimwangalia. Kusaini karatasi tu hakutoshi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe mafunzo. Tafadhali msiwaruke wa zamu ya usiku: sangara mbichi lazima akae kwenye barafu, karibu na nyuzi 0, hata saa tisa usiku.