"Involvement" kwa Kiaisilandi: nilipoteleza mimi, wewe pita pembeni

Wewe unayeanza kutafsiri Kiingereza kwenda Kiaisilandi, usihofu maneno ya mitambo. Kompyuta ina jina lake, tölva, na wenyewe hawabishani tena. Litakalokutoa jasho ni "involvement".

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa barua ya shule iliyoomba wazazi washiriki zaidi. Nikafungua kamusi, nikaokota afskipti, nikaandika aukin afskipti foreldra. Mhariri akaniuliza: shule inataka wazazi waje kuvuruga masomo? Kumbe afskipti ni kule kuingilia. Polisi wakimshughulikia mlevi barabarani, habari huandikwa lögreglan hafði afskipti af manni. Wazazi walistahili þátttaka, ushiriki. Lina t tatu mfululizo, usiibe hata moja.

Tangu siku ile, kabla sijagusa kamusi najiuliza kwa Kiswahili: huyu anashiriki, anahusika, anaingilia, au kajiingiza? Sisi tunazitenganisha hizi bila kufikiri, na Kiaisilandi nacho kinazitenganisha, ingawa mipaka hailingani. Chukua aðild: aðild að Evrópusambandinu ni uanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini grunaður um aðild að innbroti ni mtu anayeshukiwa kuhusika na uvunjaji wa nyumba. Neno ni lile lile, mmoja anapeperusha bendera na mwingine yuko mahabusu. Viðriðinn, yaani aliyehusika, nalo linanuka kesi. Ukimpachika mfadhili wa mradi, umemchafua.

Mara nyingi dawa ni kuitupa nomino. Kiingereza cha maofisini kinapenda kurundika nomino. Kiaisilandi kinapumua vizuri kwenye kitenzi. "Her involvement in the work" iandike hún kom að verkinu, yaani alikuwa na mkono wake katika kazi hiyo, basi. Angalia tu mkia: verkið limegeuka verkinu kwa sababu ya að. Mikia hiyo itazame kwenye BÍN, hifadhidata ya mtandaoni ya minyambuliko ya maneno ya Kiaisilandi, hata ukijiona umeshaiva.

Jirani yake, "commitment", kamusi itakupa skuldbinding. Skuld ni deni. Kwenye mkataba linakaa sawasawa. Mimi nililitia kwenye tangazo la kutafuta watu wa kujitolea kucheza karata na wazee, na mama mmoja akapiga simu kuuliza anatakiwa kusaini wapi, na riba ni kiasi gani.