Je, kompyuta yaweza kulipima goti langu?

SWALI: Mimi ni mshonaji wa nguo, nina umri wa miaka 56 na uzani wa kilo 80. Naishi Pipeline, ghorofa ya nne, na jengo letu halina lifti. Goti la kulia huniuma, hasa ninaposhuka ngazi. Nilipigwa eksirei nikaambiwa nafasi kati ya mifupa imepungua. Kijana wangu anasema siku hizi kompyuta huunda mfano wa goti la mtu na kubashiri litakavyokuwa, na ananihimiza nikafanyiwe MRI. Je, niingie kwenye akiba ya chama?
Mama Cherehani, Nairobi

JIBU: Pole sana, mama. Kijana wako ana nia njema, ila ameviunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kina kazi yake.

Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, haionekani humo, kwa hiyo daktari huikadiria kwa kutazama upana wa nafasi iliyobaki. Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi: picha ya goti hupaswa kupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu ukiwa umelala uzito hauigandamizi mifupa, na goti lililolika huweza kuonekana zima kuliko lilivyo. MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, huionyesha gegedu yenyewe pamoja na kano na misuli. Lakini hata picha hiyo nzuri hupigwa umelala kimya, nawe goti lako linauma ukiwa kwenye ngazi.

Pengo hilo ndilo wataalamu wa mifano ya kompyuta wanajaribu kuliziba. Mtu hubandikwa vialama mwilini, kamera humfuata anapotembea, na vibao vilivyofukiwa sakafuni hupima jinsi anavyokanyaga. Kisha programu kama OpenSim, iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, na ambayo hupatikana bila malipo, hukokotoa nguvu inayopita katika kila kiungo. Ugumu wake ni kwamba misuli inayolivuka goti ni mingi, na mwendo uleule waweza kufanywa kwa kugawana kazi kwa njia nyingi. Kompyuta hulazimika kudhani kwamba mwili huchagua njia yenye juhudi ndogo. Mwenye maumivu hafuati dhana hiyo kila mara, maana hukaza misuli ili kulilinda goti. Ndiyo sababu makadirio hayo yamelinganishwa na vipimo vya magoti ya bandia yenye vihisio ndani, yaliyowekwa kwa wagonjwa wachache. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba kutembea tu hulibebesha goti takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na ngazi huongeza zaidi. Kwako wewe ni kilo 160 au zaidi kwa kila hatua, na hapo hujabeba kitambaa wala maji.

Kubashiri goti lako litakuwaje baada ya miaka kumi, hiyo bado ni kazi ya watafiti. Nami nisingekushauri uiguse akiba ya chama kabla ya kumuuliza daktari swali moja: matokeo ya MRI yatabadilisha tiba ipi? Wapo watu wenye picha mbaya wasioumwa, na wenye picha safi wanaochechemea. Iwapo goti hukwama likakataa kunyooka, au hukuachia ghafla unapotembea, kipimo kina maana. Likivimba kwa ghafla pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kipimo chochote.

Kwa sasa mwone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo breki yako unaposhuka. Unaposhuka, shika ukuta au reli na utangulize mguu unaouma. Na kama cherehani yako ni ya kukanyaga, inua kiti kidogo ili goti lisikunjike sana, na usimame kila baada ya nusu saa hivi.