Maswali ya Wasomaji: Mshahara wa Kale Tuupimeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, napenda sana habari za maisha ya watu wa kale. Nimesoma kwamba mwaka 301 kibarua wa shamba katika dola ya Roma alipangiwa dinari 25 kwa siku. Hizo ni shilingi ngapi za leo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Achana na shilingi. Wengi hutafuta uzito wa fedha kwenye sarafu, wakazidisha kwa bei ya leo ya madini. Jibu linalopatikana ni la ovyo, maana kufikia mwaka huo dinari ilikuwa kipimo cha hesabu tu.

Pima kwa chakula. Amri ya bei ya Diocletian, kaisari wa Roma, ambayo ndiyo iliyotaja hizo dinari 25, iliweka nyama ya ng'ombe dinari 8 kwa ratili ya Kirumi, takriban gramu 325. Gawa 25 kwa 8: ratili 3 na kidogo, yaani kilo moja ya nyama. Sasa pita buchani kwako, uliza bei ya kilo, kisha linganisha na anacholipwa saidia fundi kwa siku. Ila kumbuka kwamba kibarua yule alipewa na chakula juu yake, na kwamba amri ilitaja kiwango cha juu kabisa. Malipo halisi ni habari nyingine.

Kwa Misri ya mafarao kazi ni rahisi zaidi, kwani mshahara wenyewe ulikuwa nafaka. Fundi wa makaburi ya kifalme, pale Deir el-Medina, alipewa khar 4 za ngano na khar 1 na nusu ya shayiri kwa mwezi. Khar moja ni kama lita 77. Kwa debe letu la lita 20, ngano ni madebe 15 na shayiri karibu 6. (Mgawo ulipochelewa, mwaka wa 29 wa utawala wa farao Ramesses III, waligoma.)

Hapa wengi hukosea kwa kugeuza lita kuwa kilo za ngano safi. Ngano yao ilikuwa ya aina ya emmer, ambayo haiachi ganda kwa kupurwa tu, sharti itwangwe. Mwezi wao ulikuwa wa siku 30, hivyo kaya nzima ilipata kama lita 10 za ngano kwa siku kabla ya kutwanga. Iliyozidi ilibadilishwa kwa viatu, mafuta na nguo. Shayiri ilikuwa ya pombe.