Anti, kuna mtu anamchati mwanangu

SWALI: Shikamoo anti. Mwanangu ana miaka 11, yuko la tano, jioni anacheza geimu ya Free Fire kwenye simu yangu. Juzi nafungua WhatsApp nakuta namba nisiyoijua imeandika "daimondi zako ziko tayari, nitumie picha nyingine, saivi bila shati, na mama asijue". Kumbe ya kwanza alishatuma, kavaa sweta la shule! Simu nimemnyang'anya, nataka nimchape akome halafu nifute kila kitu. Nakosea? Mama Junior, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Fimbo weka chini kwanza, na usifute kitu. Huyo mtu anategemea hilo la mwisho tu, mama asijue. Ukimchapa leo, kesho akiambiwa "ukisema mama atakuua" ataamini, si ameshaona mwenyewe? Kaa naye muulize ilianzaje, muache aongee mpaka amalize hata kama unachemka ndani, na umwambie wazi mwenye kosa ni yule, sio yeye.

Halafu piga skrinishoti meseji zote, namba ionekane, tarehe ionekane, na jina analotumia kwenye geimu, ndo umripoti na kumbloku. Usijifanye mtoto ukaendelea kumchati eti umnase, hiyo waachie polisi. Piga 116, ni namba ya kusaidia watoto na ni bure, kisha nenda na ushahidi wako Dawati la Jinsia na Watoto pale kituoni. Na sweta jamani, kama nembo inaonekana shule anaijua, kwa hiyo mwalimu mkuu aambiwe leo leo na ijulikane nani anamchukua mtoto.

Daimondi, zile pointi za kununulia vitu ndani ya geimu, zinanunuliwa kwa hela, mwenye kugawa bure ana anachokitaka. Wengine hata picha hawataki, wanataka zile tarakimu 6 za WhatsApp zinazoingia kwa meseji, mtoto akiwatajia tu akaunti yako imeenda na shemeji zako wanaanza kuombwa mkopo kwa jina lako. Mwambie na hilo. Geimu mrudishie baadaye, acheze sebuleni, voisi ya kuongea na wachezaji wengine imezimwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa msingi Tanga. Simu hapa ni marufuku, haya mambo ya watoto kuchatiwa mitandaoni si ya wazazi? Mwl. wa darasa la sita

JIBU: Mwalimu, marufuku inaishia getini. Akifika nyumbani anashika simu ya dada, na mzazi mwenyewe mara nyingi anamuomba mtoto amfungulie akaunti, sasa nani amfundishe nani? Huhitaji kompyuta. Andika ubaoni meseji kama hiyo ya juu, bila jina la mtoto yeyote, waulize huyu anataka nini na wewe ungemwambia nani. Utashangaa watakavyojibu. Ila wakitaja watu wa kuwaambia, sikiliza kama na wewe umo.